Picha Ambayo Watoto Wake Watamtambua

Kahawa ikishauzwa na malipo yakaingia, Mbinga huoana. Jumamosi moja utakuta misafara mitatu ya magari yenye maua ikipishana mjini, matarumbeta juu ya pikapu, akina mama wakipunga vitenge madirishani. Wengi wakitoka kanisani huteremka Mbamba Bay kupiga picha ufukweni, maana tangu lami ya kilomita 67 kutoka Mbinga ifike ziwani, safari hiyo si adhabu tena. Ziwa Nyasa limekuwa studio ya wilaya mbili. Wapiga picha nao wameongezeka, vijana wenye kamera ambazo wazee wa studio za pazia lililochorwa ndege hawakuziota. Wanajua pozi, wanajua kurusha droni, wanajua kumsubirisha bibi harusi mpaka upepo uinue shela.

Lakini waletee bibi harusi mwenye kovu la moto shavuni, au aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo ukashonwa, au mwenye mbalanga, au jicho moja lisiloona, au uso uliopooza upande mmoja, au ualbino, uone ufundi unavyowatoka. Wengine humficha. Albamu nzima inakuwa ya mgongo wa shela, viganja vyenye pete, na watu wawili weusi tii mbele ya jua linalozama, huku uso wa mwenye harusi ukiwa haupo. Wengine humgeuza somo. Wanalisogelea kovu kwa lenzi, kisha wanaitupa picha mtandaoni na maneno ya kusifu ujasiri wake, kana kwamba dada wa watu alikwenda altareni kutoa ushuhuda na si kuolewa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usinisome kwa kubahatisha. Picha ya harusi hutundikwa sebuleni na kukaa hapo miaka thelathini. Mtoto atakayezaliwa ndani ya nyumba ile lazima aitazame na kusema, huyu ni mama. Akilazimika kuuliza huyu ni nani, mpiga picha hakufanya kazi aliyolipwa, hata kama mwanga ulikuwa mzuri namna gani. Kila ninachoshauri hapa chini kinatoka hapo, na kinamwacha bibi harusi mwenyewe kuwa msemaji wa mwisho kuhusu uso wake.

Anza kabla ya siku yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani matangazo husomwa Jumapili tatu. Hizo wiki tatu ni zako. Mtafute bibi harusi mwenyewe, maana mara nyingi anayekupigia simu ni mwenyekiti wa kamati, na anachotaka yeye ni bei na muda wa kufika. Kamati inalipa, sawa, na mwenyekiti uheshimu wadhifa wake. Uso si wa kamati. Omba nusu saa na maharusi wawili, pamoja na mpambaji kama ameshapatikana.

Katika kikao hicho usilizungumzie kovu kabla yeye hajalizungumzia. Njia rahisi ni kuwa na maswali yanayofanana kwa kila bibi harusi, yawe yameandikwa kwenye karatasi ya makubaliano, ili asijione ametengwa. Mwulize: “Dada, kuna upande wa uso wako unaoupenda zaidi ukipigwa picha?” Kila mtu ana upande wake, hata mrembo wa gwaride. Kisha: “Kuna jambo lolote kuhusu macho, ngozi, mwili au familia ambalo ungependa nilijue mapema?” Swali hili la pili linafungua mengi. Mmoja atakuambia baba na mama wametengana, wasisimamishwe pamoja. Mwingine ana ujauzito wa miezi minne. Na huyu wetu, akitaka, atakuambia: “Hili kovu silifichi,” au atakuambia, “Naomba lisiwe kubwa kwenye picha.” Yote mawili ni maagizo ya kazi, na wala huna haja ya kumpima kama anajipenda vya kutosha. Kuna wapiga picha wa siku hizi wanaomhubiria mteja ajikubali. Aliyeomba kupunguziwa macho ya watu siku moja tu ya maisha yake hajakosea kitu.

Akishalitaja, uliza kinachohusu kazi yako tu. Linauma ukikaa juani? Jicho linatoa machozi kwenye upepo? Shingo inageuka pande zote mbili? Historia yake isikushughulishe. Swali la “ilikuwaje?” amelijibu tangu shule ya msingi, na kwenye daladala, na sokoni, na kwa mama mkwe. Usimwambie kwamba halionekani sana, kwa sababu linaonekana na anajua. Usimpe habari za madaktari bingwa. Walioko hospitali za Litembo na Peramiho anawafahamu kuliko wewe. Na tafadhali, usimpunguzie bei kwa huruma. Mpe bei uliyompa mwenzake wa Jumamosi iliyopita.

Kabla hamjaachana, mpige picha chache za majaribio palepale, kwa mwanga wa mlangoni na kwa flashi, upande huu na upande ule, akicheka na akiwa ametulia. Mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, mwache achague bila wewe kuchangia. Dakika hizo kumi zina faida kuliko pozi zote utakazomfundisha. Mtu ambaye amezoea kukimbia kamera hukunja uso kila inapoinuliwa, na mkunjo huo ndio unaoharibu picha, kovu halihusiki. Akishaona kwamba kuna picha yake aliyoipenda, siku ya harusi hatakukimbia.

Sasa mwanga, ambao ndio nusu ya ushauri huu.

Ngozi iliyoungua haifanani na ngozi ya kawaida hata mbele ya taa. Moto ukichimba sana huua vitundu vya jasho na vya mafuta, ngozi inabaki laini inayong'aa, na flashi ikielekezwa moja kwa moja inarudi kama kioo: doa jeupe katikati ya shavu. Kovu lililonyanyuka, keloidi kwa mfano, lina tabia nyingine. Lenyewe huonekana limeinuka zaidi mwanga ukitoka ubavuni, kwa sababu kila mwinuko hutupa kivuli chake. Kwa hiyo ukitaka kovu litulie, mwanga uwe mpana, uwe laini, utoke mbele na juu kidogo ya macho. Ukitaka lionekane kwa sababu mwenyewe amesema lionekane, legeza masharti, lakini hata hapo usimwashie taa moja ya ubavuni na kumwacha nusu gizani. Lugha hiyo ya mwanga ni ya filamu za kihalifu. Kwa miaka mingi sinema zimempa mtu mbaya kovu usoni ili mtazamaji amwogope kabla hajafungua mdomo. Mwaka 2018 shirika la Changing Faces la Uingereza lilianzisha kampeni dhidi ya mazoea hayo, na Taasisi ya Filamu ya Uingereza ikakubali kutogharimia tena filamu zinazotumia makovu kuwa alama ya uovu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1992 na James Partridge, mtu aliyeungua vibaya usoni katika ajali ya gari akiwa na miaka 18. Alijua alichokuwa anakisema.

Mwanga mpana na laini hauhitaji pesa nyingi. Mbinga iko juu, na asubuhi nyingi wingu la milima ya Umatengo ni shuka jeupe lililotandazwa mbinguni. Mpige picha nje bila hofu. Kanisani, mahali pazuri kuliko pote ni hatua mbili ndani ya mlango mkuu, bibi harusi akitazama nje. Mlango ule ni dirisha kubwa, unampa uso mwanga sawa pande zote, na nyuma yake giza la kanisa linakupa pazia la bure. Flashi ikilazimika kutumika, igeuze igonge dari au ukuta mweupe. Makanisa yetu mengi yana kuta za tofali la kuchoma na dari ya mbao, na ukiigonga flashi hapo uso utarudi wa rangi ya chungwa. Mwombe kijana mmoja akushikie shuka jeupe.

Ufukweni mambo hubadilika. Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ziko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua huchomoza nyuma yetu, milimani, na kuzama mbele yetu, majini, upande wa Malawi. Ndoa ikifungwa Mbinga saa nne, mkapiga picha za familia, mkapanda magari na kuteremka kona za barabara, mtafika ziwani alasiri jua likiwa bado kali. Hiyo ndiyo saa mbaya. Jua linampiga kwa juu, maji na mchanga vinarudisha mwanga kwa chini, na kila mkunjo wa shingoni na chini ya kidevu unaonekana mara mbili. Aliyeungua shingo atachukia kila picha ya saa hiyo. Wapeleke kwanza kivulini, chini ya miembe au kwenye baraza ya hoteli upande usio na jua, wanywe maji, watu wapumzike. Anza ufukwe saa kumi na moja na nusu jioni. Jua likiwa chini, bibi harusi akilielekea, mwanga unakuwa wa dhahabu na unaufikia uso wote sawasawa. Akifinya macho, mwambie ayafumbe na uhesabu tatu ndipo afumbue. Likishazama una dakika chache tu za mwanga mtamu, kwa kuwa huku kwetu giza halichelewi. Picha ya watu weusi mbele ya jua jekundu piga moja kwa ajili ya kalenda, kisha rudi kwenye nyuso.

Lenzi nayo ina uongo wake. Simu ikisogezwa karibu na uso huvuta mbele kila kilicho karibu nayo: pua inakua, mdomo unatokeza. Kwa aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo, pua na mdomo wa juu ndipo alama ilipo, nawe umekwenda kuikuza. Rudi nyuma mita mbili au zaidi, kisha vuta kwa lenzi. Ya milimita 50 inatosha, ya 85 ni nzuri zaidi, na kwenye simu tumia ile lenzi ya kuvuta mara mbili. Picha ya ubavu mtupu iepuke mpaka yeye aitake, maana pua iliyolala upande mmoja huonekana zaidi hapo. Robo tatu ya uso humfaa karibu kila mtu. Fokasi usiiachie kamera. Ile hila ya kamera kutafuta uso yenyewe inaweza kushindwa mbele ya uso ambao pande zake mbili hazilingani, ikarukia uso wa msimamizi aliye nyuma. Weka nukta ya fokasi mwenyewe, kwenye jicho.

Na hapa niseme neno kuhusu mashine zenyewe, kwa sababu vijana hudhani kamera haina upendeleo. Enzi za filamu, Kodak walizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi nyeusi ikawa inatoka kama ilivyobahatika. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa Jean-Luc Godard alialikwa na serikali changa ya Msumbiji mwaka 1977 kusaidia mipango ya televisheni, na inasimuliwa kwamba aliikataa filamu ya Kodak akiiita ya kibaguzi. Leo kadi ile imeingia ndani ya simu. Simu nyingi zinakuja na hali ya urembo ambayo hulainisha ngozi, huing'arisha na kunyoosha sura bila kumwuliza mtu. Mbele ya mbalanga hufuta nusu ya madoa na kuacha nusu. Mbele ya mdomo ulioshonwa huunyoosha. Matokeo yake ni uso usio wa mtu yeyote. Izime kabla hujatoka nyumbani, na wakumbushe wasimamizi waizime kwenye simu zao.

Pozi nitalipitia haraka. Aliyeungua shingo na ngozi ikakaza asiambiwe “geuza kichwa”. Mgeuze mwili wote kuanzia miguuni, kichwa kitafuata. Asiyeona kwa jicho moja mwendee kwa upande anaoona, na bwana harusi asimame upande huo, vinginevyo kila picha atakuwa anageuka kumtafuta mumewe. Kwa mwenye uso uliopooza upande, amri ya “cheka!” ni ukatili, kwa sababu kadiri anavyocheka kwa nguvu ndivyo upande mmoja unavyopanda na mwingine kubaki. Mwachie bwana harusi kazi. Mwambie amnong'oneze kitu, wewe subiri, chukua ile nusu sekunde tabasamu linapoanza machoni. Hiyo ni picha bora hata kwa wasio na kovu.

Mpambaji anahitaji kikao chake. Kuna wapambaji wenye mikono mizito ambao wakiona kovu huongeza tabaka, wakiona tabaka limepasuka huongeza lingine. Poda haishiki vizuri kwenye ngozi isiyotoa mafuta wala jasho. Inakaa juu juu, inapasuka, na joto la ziwani linamalizia. Kufikia saa kumi shavu moja lina uso wa asubuhi na lingine limemeguka. Kwa mbalanga, amueni mapema: madoa yafunikwe yote mpaka shingoni, mabegani na mikononi, au yaachwe yote. Kufunika uso na kuacha mikono kunampa picha mbili za watu wawili. Wapo wanaochagua kuacha, na baada ya mwanamitindo wa Kanada Winnie Harlow kupanda majukwaa makubwa ya mitindo na madoa yake wazi, kuchagua hivyo si jambo la kushangaza tena hata Songea.

Bibi harusi mwenye ualbino ana mahitaji yake, na hapa usalama unatangulia uzuri. Macho yake huumizwa na mwanga mkali, na mara nyingi huchezacheza yenyewe bila yeye kutaka. Flashi ya uso kwa uso itamfanya afumbe kila picha; iache. Piga picha kadhaa mfululizo kwa mwanga wa kivulini, mojawapo itayakuta macho yametulia. Usimsimamishe mchangani kwa saa mbili kwa ajili ya droni yako. Jua ambalo wewe hulilalamikia baada ya dakika kumi, kwake linaacha majeraha, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi wao mapema. Apake mafuta ya kujikinga na jua (KCMC kule Moshi wanatengeneza yao mahususi kwa watu wenye ualbino), abaki chini ya mwavuli mpaka kila kitu kiwe tayari, kisha atoke, upige, arudi. Mwanga upime kwenye ngozi yake. Kamera ikipima suti nyeusi ya bwana harusi, uso wa bibi utaungua kuwa karatasi nyeupe, na uso ulioungua kwa mwanga haurudishiki kwenye kompyuta, lakini kivuli cha bwana harusi kinaweza kuinuliwa baadaye. Waweke wote wawili kivulini na tatizo litapungua nusu. Mmarekani Rick Guidotti alikuwa mpiga picha wa mitindo kabla hajaanza kuwapiga picha watu wenye ualbino. Picha zake zilitoka katika gazeti la Life mwaka 1998, na ukizitazama unaona alichofanya ni kuwapa taa, nafasi na subira ileile aliyowapa wanamitindo. Siri nyingine hakuwa nayo.

Sasa twende kanisani na ukumbini, ambako hatari haitoki kwenye kamera yako.

Kufunuliwa kwa veli ni tukio ambalo kanisa zima hulisubiri, na kwa bibi harusi huyu lina uzito wa pekee. Simu arobaini zinainuka, watu wanaacha mabenchi. Ongea na katekista au mzee wa kanisa mapema ili wageni wakae. Wewe simama mahali utakapowapata wote wawili, bwana harusi akiwa anamtazama, kwa maana picha ya tukio hilo ni macho ya mume. Kama hataki kufunuliwa mbele ya watu, avae veli isiyofika usoni tangu mwanzo, na hakuna atakayeona pengo. Ukipiga akiwa ndani ya veli, angalia kivuli cha maua ya leisi kisimwangukie usoni kikachora makovu ambayo hana.

Ukumbini kuna skrini. Hii imekuwa desturi hata Mbinga: mpiga video anaunganisha kamera, na uso wa bibi harusi unatandazwa ukutani mita mbili kwa mita tatu, akila, akijifuta jasho, akilia. Keti na mpiga video kabla ya siku, mkubaliane kwamba skrini inabaki na picha za mbali: meza kuu yote, wachezaji, wazazi wakiingia na kitoweo. Kulishana keki ndipo picha nyingi mbaya huzaliwa. Mdomo ulioshonwa au uliopooza ukifunguka kupokea kipande hautaki lenzi ya karibu. Piga mkono unapoinuka kuelekea mdomoni, kisha piga wanapocheka baada ya kumeza. Katikati shusha kamera. Vinywaji vivyo hivyo. Kama anahitaji mrija, mrija uwe mezani tangu mwanzo, na bwana harusi atumie wake pia.

Mshereheshaji naye apewe neno, na mwenye kumpa awe mzee wa kamati anayeheshimika, si wewe. Wapo washereheshaji wazuri sana mkoani Ruvuma, na wapo wanaodhani kila umbile ni kichekesho, au wanaogeuka wahubiri: “Jamani tumshukuru Mungu, dada yetu naye amepata!” Ukumbi unapiga makofi, uso wa bibi harusi unazima, na picha za saa nzima inayofuata zimeharibika. Mzee amwambie mapema: mtaje bibi harusi kwa jina lake, kazi yake na ukoo wake, inatosha.

Baada ya harusi kuna mtihani wa mwisho, nao unafanyika ukiwa peke yako mbele ya kompyuta. Kanuni ninayoifuata haina ugumu. Kitakachokuwa kimeondoka baada ya wiki mbili, kama chunusi, jasho, alama ya mbu wa ziwani au uzi wa shela, ondoa. Kitakachokuwepo baada ya wiki mbili, acha, mpaka mwenyewe aagize vingine. Akiagiza kovu lipunguzwe, lipunguze kwa kiasi kilekile kwenye albamu nzima, maana hakuna kinachochekesha kama ukurasa mmoja una kovu na unaofuata hauna. Kupunguza mng'ao na kulegeza kivuli kunatosha mara nyingi. Kumfuta na kumchora upya, hata programu inapojitolea kufanya hivyo kwa sekunde tatu, kataa.

Utajaribiwa. Shangazi atakuja kimya kimya: “Mwanangu, mtengeneze kidogo, picha hizi zitakwenda mpaka kwa wakwe Malawi.” Mwamkie, mkalishe, umsikilize, maana nia yake ni upendo na aibu iliyomkaa miaka mingi. Kisha mwambie kwa adabu: “Shangazi, nimekusikia. Nitamwuliza bibi harusi mwenyewe, akisema sawa nitafanya.” Mara nyingi ombi linaishia hapo, kwa kuwa shangazi hataki bibi harusi ajue kwamba ameomba. Hilo peke yake linakuonyesha ombi lilikuwa la nani.

Kuhusu kuzisambaza: hakuna picha yake itakayoonekana kwenye ukurasa wako, ukutani kwa studio yako wala kwenye stetasi yako bila yeye kuikubali picha hiyohiyo, kwa maandishi. Ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kutangazia biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilolijua na kulikubali, na sura ya mtu ni taarifa yake. Hata akikubali, usiweke maneno ya ujasiri wala ya machozi. Andika majina yao na tarehe kama unavyowaandikia wengine. Kwa mwenye ualbino, usiandike kijiji wala kuacha alama ya mahali kwenye picha. Nchi hii ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili aliuawa kule Muleba, Kagera. Hatari haijapita kiasi cha wewe kumwelekeza mtu usiyemjua hadi mlangoni kwa mteja wako.

Kazi ikikamilika, picha zifike kwa maharusi kwanza, siku mbili au tatu kabla ya kundi la kamati kuziona. Azipitie na mumewe, atoe asizozitaka, na zile alizozitoa zifutwe kweli kwenye diski zako zote. Zisibaki kwa ajili ya siku ambayo utahitaji mfano. Ya sebuleni aichague yeye, hata kama si uliyoipenda wewe. Ikiwa una harusi mwezi ujao na mpaka sasa umezungumza na mwenyekiti wa kamati peke yake, omba namba ya bibi harusi umpigie leo.